Baka Lisilowasha

Kila mtu aiona ngozi yake kila siku anapooga. Lakini kuiona si kuijua. Tukiumwa tumbo au kichwa, twakubali mara moja kwamba hatuwezi kutazama yaliyomo ndani, nasi twakwenda kwa daktari. Tukipata upele au baka, twasema: «Hili naliona kwa macho yangu mwenyewe.» Kisha twatafuta dawa ya kupaka sokoni, au kwa jirani, au katika kopo lililobaki tangu mwaka jana. Hivyo ngozi, kiungo kinachoonekana kuliko vyote, ndicho kinachotibiwa bila kutazamwa.

Mimi ni mwuguzi. Kwa miaka kumi na tisa nimefanya kazi katika kituo cha afya upande wa Kivu, wala haipiti wiki moja nisipokee mtoto anayejikuna. Wazazi humleta upesi, maana kilio chake cha usiku huwanyima usingizi wote wa nyumbani. Lakini mtoto mwenye baka lisilowasha wala kuuma, huyo hawamleti. Anacheza, anakula, anakwenda shule. Basi wasema hana ugonjwa. Leo nataka kuwaeleza kwa nini huyo wa pili ahitaji macho yetu zaidi. Lakini kwanza yafaa tujue ngozi yenyewe ni kitu gani.

Ngozi ina matabaka matatu

Ngozi ya mtu mzima, kama ingetandikwa chini, ingefunika meta moja na nusu hadi mbili za mraba, yaani karibu sawa na mkeka wa kulalia mtu mmoja. Ina matabaka matatu.

Tabaka la kwanza ni ngozi ya juu. Mahali pengi mwilini ni nyembamba kama karatasi. Katika nyayo na viganja ni nene zaidi, maana huko ndiko tunakokanyagia na kushikia jembe. Tabaka hili halina mishipa ya damu hata mmoja. Ukijikwaruza kidogo na damu isitoke, jua kwamba hukupita ngozi ya juu. Chembe zake huzaliwa chini, zikapanda polepole kuelekea juu, zikakauka na kufa, kisha huanguka kama vumbi tusiloliona. Safari hiyo huchukua karibu mwezi mmoja. Kwa hiyo ngozi unayoigusa leo siyo uliyoigusa miezi miwili iliyopita.

Katika sehemu ya chini ya tabaka hilo zimo chembe nyingine zinazotengeneza rangi, iitwayo melanini. Watu wengi hushangaa wakisikia kwamba mtu mweusi na mtu mweupe wana chembe hizo karibu kwa hesabu moja. Tofauti ni wingi wa rangi inayotengenezwa, na ukubwa wa punje zake. Rangi hiyo si uchafu wala laana. Ni mwavuli juu ya mwili, unaozuia ukali wa jua usiharibu chembe za ndani. Ndugu zetu waliozaliwa albino wanazo chembe zilezile, lakini rangi haitengenezwi ipasavyo. Ndiyo sababu jua huwaunguza, na huweza kuwaletea saratani ya ngozi. Wanahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na kivuli. Hawahitaji maneno ya watu.

Tabaka la pili ni ngozi ya kati, lenye nguvu kuliko yote. Fundi wa ngoma akichuna mbuzi, huondoa manyoya, akakwangua mafuta na nyama. Kile anachokiwamba ngomani ndicho tabaka la kati. Humo mna mishipa ya damu, mizizi ya nywele, vifuko vya jasho na vifuko vya mafuta. Humo pia mna ncha za mishipa ya fahamu, ambazo hutuambia: hapa pana moto, hapa pana baridi, hapa mwiba umeingia, hapa mama amenishika mkono. Kumbukeni mishipa hiyo ya fahamu, maana nitairudia.

Tabaka la tatu ni la mafuta, chini kabisa. Hulinda mwili na baridi na mapigo, na huweka akiba ya chakula. Mtoto anapokondeana kwa njaa, tabaka hilo ndilo linalokwisha, na ngozi yake hukunjamana kama ya mzee.

Maswali matano kabla ya kupaka kitu

Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 13, twasoma jinsi makuhani wa Waisraeli walivyoagizwa kutazama mabaka ya watu: kuangalia rangi yake na nywele zake, na kama hawakuwa na hakika, kungoja siku saba na kutazama tena. Hawakuwa na dawa wala darubini. Lakini walijua kwamba yafaa kutazama kwanza na kusema baadaye. Nasi tuna mengi zaidi yao. Basi kila mzazi aonapo kitu kigeni juu ya ngozi ya mtoto, ajiulize maswali matano.

La kwanza: Je, lawasha? Na lawasha saa gani? La pili: Liko mahali gani mwilini? La tatu: Je, yuko mtu mwingine nyumbani mwenye kitu kama hicho? La nne: Je, mtoto ana homa? La tano, ambalo wengi hulisahau: Je, mahali pale pahisi ukipagusa?

Jambo moja zaidi la kukumbuka. Vitabu vingi husema kwamba ngozi yenye ugonjwa huwa nyekundu. Vilitungwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Juu ya ngozi nyeusi, wekundu huo huonekana kama weusi uliozidi, au rangi ya zambarau, au kijivu. Mara nyingine macho hayauoni kabisa, nao mkono huuona: mahali pale huwa pa moto, au pamevimba, au pamekuwa pagumu. Mzazi asingoje kuona wekundu.

Yale yanayowasha

Tuanze na upele wa kuambukiza, unaoletwa na mdudu mdogo kuliko kichwa cha sindano. Jike lake huchimba njia katika ngozi ya juu na kutaga mayai humo. Mtoto hujikuna sana usiku, hasa kati ya vidole, katika vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni na matakoni. Mtoto mchanga huweza kuwa nao hata katika nyayo, viganja na kichwani. Ukijiuliza swali la tatu, mara nyingi utakuta kwamba dada yake naye ajikuna, na mama naye ajikuna.

Hapa ndipo jamaa nyingi zinaposhindwa. Mtu anayepata upele huo kwa mara ya kwanza hukaa wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kujikuna, huku wadudu wamo tayari ndani ya ngozi yake. Kwa hiyo ukimtibu yule anayejikuna peke yake, wale wasiojikuna bado watamrudishia. Dawa ipakwe kwa watu wote wa nyumba siku moja, kwa maagizo ya mwuguzi, kuanzia shingoni hadi nyayoni; naye atawaambia kama yafaa kurudia na baada ya siku ngapi. Watoto wachanga na mama wajawazito wapewe dawa inayowafaa. Nguo na mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Visivyofulika vifungwe ndani ya mfuko kwa wiki moja, maana mdudu huyo akiwa mbali na mwili wa mtu hufa baada ya siku chache. Baada ya kupona, kuwashwa huweza kuendelea wiki mbili au zaidi. Usipake dawa kila siku kwa sababu hiyo. Utaiunguza ngozi bure.

Wala tusiseme kwamba upele ni aibu ya watu wachafu. Mdudu huyo hupita kutoka ngozi hadi ngozi kwa kulala pamoja na kukaa karibu. Watoto wanne wakilala juu ya mkeka mmoja, hata wakioga kila jioni, utawapata wote wanne. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuandika upele huo katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, maana uliwatesa watu wengi mno bila kushughulikiwa.

Ubaya wake mwingine ni vidonda. Mtoto akijikuna kwa kucha chafu, vijidudu vingine huingia, na utaona malengelenge yanayopasuka na kuacha gamba la rangi ya asali. Vidonda hivyo visidharauliwe. Baadhi ya vijidudu hivyo huweza kuleta ugonjwa wa mafigo wiki chache baadaye. Uso wa mtoto ukivimba asubuhi, au mkojo wake ukiwa wa rangi ya chai nzito, mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo.

Ugonjwa wa pili ni choa, unaoletwa na kuvu. Hufanya duara: ukingo wake umeinuka na una magamba, na katikati panaonekana kama pamepona. Kichwani, nywele hukatika na kuacha upara wenye magamba. Choa cha mwilini huweza kupona kwa dawa ya kupaka. Lakini kile cha kichwani kimeshuka hadi kwenye mizizi ya nywele, ambako dawa ya kupaka haifiki. Chahitaji vidonge, kwa wiki nyingi. Vitana, kofia na mashine za kunyolea zisitumiwe na wote bila kusafishwa.

Wa tatu ni pumu ya ngozi. Ngozi huwa kavu, nene na yenye kuwasha katika mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Mara nyingi katika jamaa hiyohiyo yuko mtu mwenye pumu ya kifua. Huu hauambukizi hata kidogo. Mtoto huyo aoge bila sabuni kali, na apakwe mafuta mazito yasiyo na manukato mara tu atokapo majini, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Tena, kama vipele vinakuja pamoja na homa, hapo tusikae nyumbani kujadiliana. Huenda ni surua. Huenda ni mpox, ugonjwa ambao mtu wa kwanza kujulikana kuwa nao alikuwa mtoto mchanga wa nchi yetu ya Kongo, mwaka 1970. Wenyeji wa Kivu ya Kusini wanajua jinsi aina mpya ya ugonjwa huo ilivyozuka huko Kamituga mwaka 2023. Vipele vyake vigumu, vyenye maji au usaha, huweza kutokea usoni, viganjani na sehemu za siri. Mgonjwa apelekwe upesi, na wengine wasimguse bila kinga.

Yale yasiyowasha

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Si kila baka lisilowasha ni baya. Watoto wengi wana mabaka meupe makavu mashavuni, yasiyo na hatari, nayo huondoka yenyewe. Vijana wengi wana madoa mengi madogo, meupe au ya kahawia, kifuani na mgongoni. Ukiyakwangua kwa ukucha, hutoa vumbi jembamba. Hiyo ni kuvu nyingine, isiyo na madhara makubwa. Katika yote hayo ngozi yahisi kama kawaida.

Lakini liko baka la namna nyingine. Rangi yake ni hafifu kuliko ngozi iliyolizunguka, au ni kama shaba. Haliwashi. Haliumi. Mara nyingine halitoi jasho, na nywele zake zimepungua. Mtu akiligusa, mwenyewe hajui kwamba ameguswa. Baka la namna hiyo ni alama ya ukoma.

Najua kwamba wasomaji wengine wameshtuka kwa kusoma neno hilo. Basi nitawasimulia yaliyotokea nyumbani mwangu, kwa ruhusa ya yule anayehusika.

Mtoto wa dada yangu alikuja kukaa kwangu akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, ili asome shule iliyo karibu. Jioni moja alikuwa akichota maji bila shati, nikaona nyuma ya mkono wake, juu ya kiwiko, baka la ukubwa wa kifuniko cha chupa. Nikamwuliza tangu lini. Akasema: «Mjomba, ni la zamani. Mama alinunua krimu sokoni, likafifia, kisha likarudi. Haliumi, mjomba.»

Nikachukua pamba kidogo, nikaisokota mpaka ikawa na ncha. Kwanza nilimgusa huku akitazama, ili aelewe mchezo: nikikugusa, onyesha kwa kidole mahali nilipokugusa. Kisha nikamwambia afumbe macho. Nilimgusa begani, akaonyesha. Nilimgusa kiganjani, akaonyesha. Nilimgusa katikati ya baka. Alikaa kimya, macho yamefumbwa, akingoja. Nikagusa tena. Akauliza: «Mjomba, mbona umeacha?»

Kesho yake tulikwenda pamoja hospitali. Daktari alimpima mwili mzima, akapapasa mishipa ya fahamu nyuma ya viwiko na magoti, naye akasema nilivyodhani. Lilikuwa baka moja tu.

Mimi nilikuwa na furaha, maana tulikuwa tumeliona mapema. Lakini niliporudi nyumbani na kumweleza mama yangu mzazi, ambaye tunakaa naye, hakusema neno. Usiku ule aliweka sahani moja na kikombe kimoja pembeni, mbali na vingine. Nikamwuliza: «Mama, hivi ni vya nani?» Akajibu: «Mwanangu, una watoto wadogo katika nyumba hii. Na mjukuu wangu nampenda. Lakini wewe hukuona tuliyoyaona sisi.»

Ndipo aliponisimulia, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwamba alipokuwa msichana, kaka wa mama yake alijengewa kibanda mwisho wa mashamba. Kila jioni yeye alitumwa kumpelekea bugali. Aliuweka juu ya jiwe, akarudi nyuma, na mjomba wake alingoja mpaka mtoto aondoke ndipo atoke kula. «Nilimpelekea miaka mitatu,» mama alisema. «Siku moja nilikuta bugali wa jana ungali juu ya jiwe.»

Nilimwacha mama alie kwanza. Kisha nikamweleza polepole mambo ambayo mjomba wake hakupata bahati ya kuyajua, nami nawaeleza ninyi pia.

Ukoma si wa jana

Ukoma huletwa na kijidudu ambacho Hansen, daktari wa Norwei, alikiona mwaka 1873. Si uchawi, wala adhabu ya dhambi, wala haurithiwi kwa damu. Hupita hasa kwa pumzi, kwa kukaa karibu muda mrefu na mgonjwa asiyetibiwa. Na miili ya watu wengi sana inao uwezo wa kuushinda yenyewe. Hauambukizwi kwa kupeana mkono, wala kwa kula pamoja, wala kwa kukaa dawati moja shuleni. Hukua taratibu mno: tangu kuingia mwilini hadi baka la kwanza huweza kupita miaka mitano, na mara nyingine ishirini.

Kijidudu hicho hupenda kukaa katika mishipa ya fahamu. Hapo ndipo hatari yake ilipo. Vidole vya mgonjwa haviozi wala kuanguka vyenyewe. Mkono ukipoteza hisia, mwenyewe hushika sufuria ya moto bila kujua. Mguu hukanyaga msumari na kuendelea kutembea. Kidonda huoza kwa sababu hakikuuma. Maumivu, ambayo twayachukia, ndiyo mlinzi wa mlango. Ukoma humnyamazisha mlinzi kwanza, kisha madhara mengine huingia bila mtu kupiga kelele.

Padri Damiano, Mbelgiji aliyezaliwa Tremelo mwaka 1840, alikwenda kuwahudumia wakoma katika kisiwa cha Molokai mwaka 1873, mwaka uleule wa Hansen. Mwishoni mwa mwaka 1884 alitia mguu katika maji ya moto sana, ukafanya malengelenge, naye hakuhisi kitu. Hivyo akajua kwamba naye ni mkoma. Alifariki mwaka 1889, na Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa Mtakatifu mwaka 2009. Wakati wake haikuwako dawa yoyote ya kumponya.

Leo dawa iko. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani limeagiza dawa kadhaa zitumiwe pamoja. Mwenye mabaka machache hutibiwa kwa miezi sita. Mwenye mabaka mengi, kwa miezi kumi na miwili. Tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bure kwa wagonjwa wa nchi zote. Muda mfupi baada ya kuanza dawa, mgonjwa hawezi tena kumwambukiza mtu. Mkojo huweza kuwa mwekundu kwa dawa moja, na ngozi huweza kuwa nyeusi zaidi kwa nyingine. Mambo hayo yasimtishe mtu, maana hupita. Lakini neno moja halibadiliki: mshipa wa fahamu uliokwisha kufa, dawa haiufufui. Dawa huua kijidudu; vidole vilivyokunjamana hubaki vimekunjamana. Ndiyo sababu siku ya kuliona baka ni kubwa kuliko siku ya kumaliza dawa.

Wala msidhani kwamba ni ugonjwa wa vitabuni. Mwaka 2023 duniani kote waliandikwa wagonjwa wapya zaidi ya 180,000, na Kongo yetu ni miongoni mwa nchi ambamo wapya huonekana kila mwaka kwa maelfu. Baadhi yao ni watoto.

Mama yangu alisikiliza yote. Hakusema kwamba ameelewa. Lakini kesho yake jioni, chakula kilipoletwa, alimwita mjukuu wake akae karibu naye, akamega bugali kwa mkono wake, akachovya katika sombe, akampa. Mtoto akala. Tangu siku ile ile sahani ya pembeni sikuiona tena. Kila mwezi nyanya yake ndiye aliyempeleka kituoni kumeza dawa mbele ya mwuguzi, na kila asubuhi ndiye aliyehesabu vidonge vya nyumbani. Jamaa yote tulipimwa ngozi, wakubwa kwa wadogo. Hakuonekana mwingine mwenye baka. Miezi sita ilikwisha. Leo kijana yule yumo sekondari, na mikono yake yote miwili yaandika.

Maneno kwa wazazi na kwa wanafunzi

Krimu ile ya sokoni ilikuwa na kotizoni. Dawa hiyo ina kazi yake njema mikononi mwa daktari. Lakini ikipakwa ovyo, hufifisha alama za ugonjwa huku ugonjwa wenyewe ukiendelea. Choa kikipakwa kotizoni hupoteza duara lake, kikaenea pasipo mtu kukitambua. Ubaya huo pia umo katika krimu nyingi za kujichubua. Baadhi zina kotizoni kali, ambayo hufanya ngozi iwe nyembamba na vidonda vichelewe kupona. Nyingine zina zebaki, ambayo huharibu mafigo, na kumdhuru hata mtoto aliye tumboni. Kina dada, mwavuli tuliopewa juu ya mwili tusiununulie kisu.

Enyi wazazi, mara moja kwa mwezi, mnapowaogesha watoto, watazameni mwili mzima katika mwanga wa mchana: mgongo, matako, nyuma ya mikono, nyuma ya miguu, mahali ambapo mtoto mwenyewe hapaoni. Mkiona baka, chukueni pamba, mwambieni mtoto afumbe macho. Msitumie sindano wala kijinga cha moto, pamba yatosha. Kama hahisi, au kama mna shaka, nendeni kituo cha afya. Watoto wakubwa na watu wazima nao wasione haya kutazamana, mke na mume, ndugu na ndugu wa jinsia moja.

Nanyi wanafunzi, mwenzenu akiwa na baka au upele, msimpe jina la kumcheka. Mwalimu wa mtoto wetu, nilipomweleza, aliwafundisha darasa lake zima mambo haya ya ngozi bila kumtaja mtu, na kiti cha mtoto hakikuhamishwa. Wahenga husema: mficha maradhi, kifo humwumbua. Maneno hayo ni kweli. Lakini mtu huficha maradhi kwa kuogopa macho ya wenzake. Tukiyafanya macho yetu yawe ya huruma na ya kujua, hatakuwako mtu wa kujificha mwisho wa mashamba, wala mtoto wa kutumwa kuweka bugali juu ya jiwe.

Jumamosi hii maji ya kuoga yakiwa tayari, anzeni na yule mtoto ambaye halalamiki kamwe.